Kikundi Kikitaka Kurekodi Nyimbo: Je, Ni Kompyuta Inayoleta Sauti Nzuri?

Katika ziara zetu za vikundi mwaka huu kuna swali moja ambalo tumeulizwa karibu kila mahali. Bado tunaulizwa juu ya mizinga ya nyuki, mbuzi wa maziwa na matangi ya maji, kama zamani. Lakini mwenyekiti akishamaliza hayo, mtu mmoja kutoka nyuma huinua mkono na kusema: "Na sisi tunataka kurekodi nyimbo zetu hapa hapa nyumbani. Tununue kompyuta gani? Na tuweke programu gani ndani, ili sauti itoke safi kama ya studio ya Nairobi?"

Swali hili si la mchezo. Kuna kwaya zinazotaka kuuza nyimbo ili zimalizie mabati ya kanisa. Kuna vikundi vya akina mama ambavyo hufundisha kwa nyimbo, juu ya chanjo, juu ya pombe haramu, juu ya watoto wa kike kubaki shuleni, na vingependa mafunzo hayo yafike mbali. Kuna wengine ambao wameona wazee wanaondoka mmoja mmoja na nyimbo za mavuno, za harusi na za kubembeleza watoto zinaondoka nao. Na pesa inayozungumzwa ni pesa ya kuchanga, shilingi hamsini hamsini kila wiki. Kwa hivyo tumeona afadhali tueleze mambo haya kwa kirefu kidogo, kabla mweka hazina hajapanda matatu kwenda mjini.

Tuanze na jibu lenyewe. Kompyuta ya bei ghali haifanyi sauti iwe nzuri. Kompyuta mbaya, lakini, inaweza kuiharibu sauti nzuri, na programu ikitumiwa vibaya inaweza kuiharibu zaidi. Hayo ni mambo mawili tofauti, na wauzaji wengi huyachanganya.

Sauti inavyoingia ndani ya kompyuta

Mtu akiimba, hewa hutikisika. Maikrofoni hupokea mtikisiko huo na kuugeuza kuwa umeme mdogo sana. Umeme huo hukuzwa, halafu unapimwa, na kila kipimo huandikwa kama namba. Katika sahani za CD, zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, sauti hupimwa mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo huwekwa kwenye ngazi moja kati ya ngazi 65,536. Hiyo ndiyo watu huita biti 16. Siku hizi vifaa vingi hupima kwa biti 24, yaani ngazi zaidi ya milioni 16.

Sasa fikirini juu ya karani wa kituo cha maziwa. Mkulima analeta debe lake, karani anaweka kwenye mizani, anasoma, anaandika daftarini. Ikiwa mizani ina kasoro, au maziwa yametiwa maji, hata ukimpa karani daftari lenye jalada la ngozi na kalamu ya dhahabu, namba itabaki mbaya. Katika kurekodi, maziwa ni waimbaji wenyewe pamoja na chumba walichosimama. Mizani ni maikrofoni na kile kifaa kinachopima umeme. Kompyuta ni daftari tu. Programu ni kalamu.

Kile kifaa kinachopima ndicho watu wengi hawakijui. Kila kompyuta inacho kimoja kidogo ndani yake, lakini kimewekwa humo kwa ajili ya mazungumzo. Kimebanwa katikati ya vyuma vingine vinavyonguruma kwa umeme, na kikuza sauti chake ni cha bei ya chini kabisa. Ukichomeka maiki kwenye kile kitundu kidogo cha pembeni, utasikia "shhhhh" nyuma ya wimbo kama mvua ya mbali. Dawa yake ni kisanduku cha sauti cha nje, ambacho huunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB. Kisanduku hicho kina kikuza sauti kizuri, kina kipimo kizuri, na kina tundu kubwa la waya wa maiki wa pini tatu. Kampuni nyingi huvitengeneza, kwa mfano Focusrite ya Uingereza na Behringer iliyoanzia Ujerumani. Chenye matundu mawili kinatosha kikundi kwa miaka mingi.

Kisanduku hicho kikifungwa kwenye kompyuta ya mtumba ya miaka kumi iliyopita, na kikifungwa kwenye kompyuta mpya ya mamia ya maelfu ya shilingi, namba zitakazoandikwa ni zile zile. Waimbaji wale wale, maiki ile ile, kisanduku kile kile: daftari halibadilishi uzito wa maziwa.

Kikundi kimoja

Tunakifahamu kikundi cha akina mama kilichoweka akiba kwa miaka miwili ili kirekodi nyimbo za zamani za kijiji chao. Muuzaji mjini aliwaambia ati kurekodi kunataka kompyuta yenye nguvu sana, basi pesa karibu zote zikaishia hapo. Haikubaki ya maiki wala ya kisanduku. Walirekodi kwa maiki ndogo iliyo juu ya kioo cha kompyuta, ndani ya ukumbi wenye kuta tupu. Tulipoletewa kanda (wanaita kanda bado, ingawa ni flashi) tulisikia feni ya kompyuta ikivuma karibu kuliko sauti ya waimbaji. Maneno ya wimbo hayakusikika vizuri, na sauti ilipanda na kushuka yenyewe kama mtu anayefungua na kufunga mlango.

Mmoja wa waimbaji alikuwa bibi wa miaka zaidi ya themanini, na beti za wimbo wa kupeleka mahari alizijua yeye peke yake. Kikundi kilipopata maiki nzuri ya kuazima miezi saba baadaye, bibi alikuwa amekwisha kuzikwa. Beti zake nne ziko kwenye ile flashi, na katika hizo nne ni mbili tu zinazoweza kuandikwa kwa uhakika. Kompyuta yao bado ni nzima, na inafanya kazi nzuri ya kuandika barua za kikundi.

Kompyuta inapoweza kuharibu

Tumesema kompyuta ni daftari. Lakini daftari lenye kelele ni shida. Feni ya kompyuta ndilo jambo la kwanza. Kompyuta ya mezani ya zamani inavuma, na laptopu nayo ikipata joto huanza kuvuma wakati ule ule ambapo mwimbaji wa pekee anaanza ubeti wa polepole. Msihangaike kununua kompyuta isiyo na feni. Iwekeni kompyuta chumba kingine, au nje ya dirisha kivulini, na mvute waya wa maiki. Waya wa maiki wa pini tatu unaweza kwenda makumi ya mita bila kudhuru sauti. Waya wa USB usizidi mita tano. Kwa hivyo kisanduku kikae karibu na kompyuta, na ule mrefu uwe waya wa maiki.

La pili ni stima. Umeme wetu wa Kenya hutikisika mara 50 kwa sekunde, na mtikisiko huo unapenda kuingia kwenye waya wa sauti ukawa mngurumo wa chini, "mmmmm". Chaja za bei rahisi huongeza mlio mwingine mwembamba. Hapa laptopu ina faida kubwa kuliko kompyuta ya mezani: ichajini mpaka ijae, kisha mchomoe chaja wakati wa kurekodi. Mara nyingi mngurumo huisha papo hapo. Tena stima ikipotea katikati ya wimbo, kama tunavyojua inavyopotea, laptopu yenye betri nzima inaendelea tu. Kwa hivyo mkinunua ya mtumba, ulizeni habari za betri kabla ya kuuliza habari za kasi. Iwasheni pale dukani bila chaja na mkae nayo nusu saa. Muuzaji akikasirika, nendeni duka la pili.

La tatu ni kompyuta kushindwa kufuata. Kompyuta haipokei namba moja moja. Huzikusanya kwenye bakuli dogo, halafu hulimwaga bakuli lote kwenye diski mara moja. Bakuli hilo huitwa bafa. Kompyuta ikiwa na shughuli nyingi, yaani intaneti imefunguliwa, programu ya virusi inakagua, vijana wamefungua picha za mpira, bakuli hufurika kabla halijamwagwa. Namba chache hupotea, nawe ukisikiliza utasikia "tk!" au shimo katikati ya neno. Kosa hilo halirekebishiki, maana kilichopotea hakikuandikwa popote. Dawa ni kuzima kila kitu kingine, kuzima Wi-Fi, na kuongeza ukubwa wa bafa ndani ya programu.

Lakini bafa ikiwa kubwa inaleta tatizo lingine: kuchelewa. Wacha tupige hesabu. Bafa ya vipimo 256, kwa kasi ya vipimo 48,000 kwa sekunde, ni kama milisekunde 5. Ya vipimo 1,024 ni milisekunde 21, na kwa kuwa sauti inaingia na kutoka, hesabu inakuwa karibu 43. Sauti hewani husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, basi milisekunde 43 ni sawa na kumsikiliza mpiga ngoma aliyesimama mita 15 kutoka kwako. Mwimbaji anayejisikiliza kupitia kompyuta atavutwa nyuma, na kwaya itaonekana kama haijafanya mazoezi. Visanduku vingi vina kitufe cha kumwezesha mwimbaji kujisikia moja kwa moja bila kupitia kompyuta. Kibonyezeni hicho, kisha bafa iwe kubwa mnavyotaka. Kwa wenye Windows, tumieni pia programu ndogo ya kuendesha kisanduku iliyotolewa na mtengenezaji wake, ya aina inayoitwa ASIO. Njia ya kawaida ya Windows huwa na kuchelewa zaidi.

Je, nguvu kiasi gani inatosha? Kupokea sauti kwa biti 24 na vipimo 48,000 ni kama megabaiti 9 kwa dakika kwa maiki moja. Wimbo wa dakika tano wenye maiki nane hauzidi megabaiti 350. Nyimbo kumi, mkirudia kila moja mara nne, ni gigabaiti 14. Diski ya gigabaiti 256 inatosha na kubaki. Kumbukumbu ya kazi, ile RAM, ikiwa gigabaiti 8 hamtakwama kwa kwaya na ngoma. Kompyuta yenye nguvu nyingi inahitajika kwa yule anayetengeneza muziki wote kwa vinanda vya kompyuta, traki arobaini, kila moja na mapambo yake. Kijana wa mjini anaihitaji. Jumuiya ya Mtakatifu Monika yenye kayamba tatu na ngoma moja haiihitaji.

Neno juu ya Windows 10. Kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa zinayo, na Microsoft ilisimamisha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Haina maana kwamba kompyuta imekufa. Kwa kurekodi bila intaneti inaendelea kufanya kazi. Msiitumie tu kwa mambo ya benki ya kikundi. Aliye na kijana mwenye ujuzi anaweza kuweka Ubuntu Studio, ambayo ni ya bure na imeandaliwa kwa kazi za muziki.

Programu: zinafanana wapi, zinatofautiana wapi

Kuna watu wanaoapa kwamba programu fulani ina "sauti tamu" kuliko nyingine. Jaribio lake ni rahisi. Chukueni rekodi ile ile, iwekeni kwenye programu mbili, msiongeze pambo lolote, toeni faili mbili za WAV. Kisha zichezeni pamoja, moja ikiwa imegeuzwa juu chini. Zikiwa sawasawa zitafutana, na mtasikia kimya kabisa. Karibu kila mara ni kimya. Programu zote za siku hizi hujumlisha namba ndani yake kwa uangalifu mkubwa kupita sikio la binadamu. Tofauti ikitokea, mara nyingi ni kwamba programu moja imetoa sauti ikiwa juu kidogo kwa sababu ya mpangilio wake wa kulia na kushoto, na sikio letu hudanganyika: kilicho juu zaidi huonekana kizuri zaidi. Hata wahubiri wanalijua hilo.

Kwa hivyo chagueni programu kwa sababu nyingine: bei, urahisi, na kama iko mtu karibu atakayewafundisha. Audacity ni ya bure, ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2000, na inafaa sana kwa kurekodi maiki moja au mbili, kukata mwanzo na mwisho, na kusafisha. Reaper inaruhusiwa kujaribiwa siku 60, halafu leseni yake ni dola 60 kwa mtu binafsi, kwa biashara ndogo na kwa mashirika yasiyo ya faida. Kwa dola ya shilingi 129, kama ilivyokuwa mwaka 2025, hiyo ni karibu shilingi 7,740. Ni nyepesi na hukimbia hata kwenye kompyuta dhaifu. Sisi tukiulizwa, husema muanze na Audacity na mhamie Reaper mkizidiwa. GarageBand ni nzuri na haiuzwi, lakini iko kwenye vifaa vya Apple peke yake. FL Studio, ambayo vijana wengi wanayo, ilianza mwaka 1997 kama chombo cha kupanga ngoma za kompyuta. Kwa kutengeneza midundo ni bingwa. Kwa kupokea kwaya ya watu thelathini inawezekana, ila ni kama kulima na panga.

Na hizi nakala za wizi zinazouzwa kwa flashi mjini? Amri ya saba tunaijua wote, hatutaihubiri hapa. Tuseme la kifundi tu: nyingi huja na virusi, na virusi hula nguvu ya kompyuta nyuma ya pazia. Zile "tk! tk!" za bafa wakati mwingine chanzo chake ndicho hicho.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo zito kabisa katika habari ya programu, na wauzaji hawalisemi. Programu nyingi zikifunguliwa huwa zimekwisha kuamua muziki wenu ni wa namna gani: mapigo manne manne, mapigo 120 kwa dakika, na sauti za vitufe kumi na viwili vya kinanda. Nyimbo zetu nyingi za asili hazikai hivyo. Ngoma hutembea kwa sita au kumi na mbili, huku makofi yakigawanya kwa njia nyingine juu yake. Wimbo huanza polepole na kuongeza kasi watu wanapochangamka. Mlio wa saa ya kompyuta ukiwekwa masikioni mwa wazee hawa, wimbo unakufa mikononi mwao. Tumeona mama mwenye kipaji akisimama katikati na kuuliza, "Huyu anayegonga ni nani, na anafuata nini?" Zimeni mlio huo. Acheni kayamba iongoze.

Vivyo hivyo zile programu za kunyoosha sauti, ambazo zilianza na Auto-Tune mwaka 1997. Hizo huvuta kila sauti mpaka kwenye kitufe cha kinanda kilicho karibu. Kwa wimbo uliotungwa kwa kinanda, sawa, kidogo. Lakini nyatiti na litungu hufungwa nyuzi kwa sikio la mpigaji, na waimbaji hufuata nyuzi hizo. Kuwanyoosha ni kuwakosoa kwa kosa ambalo hawakulifanya. Anayesikiliza miaka hamsini ijayo atadhani mababu waliimba kama kinanda cha betri.

Kuna na mtego mdogo wa Windows unaofanana na huo. Ndani ya mipangilio ya maiki mna kitu kinachojifanya kusaidia: hupunguza kelele na kupandisha sauti ndogo chenyewe. Kimetengenezwa kwa mazungumzo ya simu. Ngoma hukiona kuwa kelele, na kayamba ndiyo kabisa. Ile sauti ya kufungua na kufunga mlango tuliyoitaja kwa kile kikundi ilikuwa kazi yake. Zimeni yote kabla ya kuanza. Simu nazo nyingi zina tabia hiyo.

Mizani na maziwa

Basi pesa iende wapi? Kama kikundi kina shilingi kumi, tungependa tatu au nne tu ziende kwa kompyuta, na ikiwa mwanachama ana laptopu ya kuazima, isiende hata moja. Nyingine ziwe za maiki, kisanduku, stendi na waya mzuri. Maiki ya kawaida ya kushika mkononi, ile ambayo Shure SM58 ya mwaka 1966 ndiyo mfano wake, inafaa mwimbaji mmoja wa karibu na ngoma. Muwe macho, maana bandia zake ni nyingi. Kwa kwaya nzima mnataka maiki inayosikia mbali, ambayo huhitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kisanduku. Hakikisheni kisanduku kinautoa.

Chumba ni bure, lakini ndicho kinachosahaulika. Ukuta mtupu wa saruji hurudisha sauti, na maneno hupandana. Kanisa kubwa la mawe linapendeza kwa kuimba na linasumbua kwa kurekodi. Tafuteni darasa au sebule, mtundike mablanketi kwenye kamba nyuma ya waimbaji, msimamishe magodoro ukutani, mtandike mikeka chini. Msirekodi chini ya mabati wingu likiwa jeusi. Jogoo na bodaboda mnawajua saa zao. Kwaya isimame nusu duara, maiki ikiwa mita mbili hivi mbele na juu kidogo ya vichwa, wenye sauti kali warudi nyuma hatua moja. Jaribuni dakika mbili, msikilize kwa hedifoni, msogeze watu. Kusogeza mtu hatua moja kunasaidia kuliko saa nzima ya kubonyeza kompyuta.

Kipimo cha sauti ndani ya programu kisifike sifuri kamwe. Kikifika, kilele cha sauti hukatwa kama nywele na hakirudi. Kwa biti 24 mna nafasi kubwa, basi vigelegele vikipanda sana vifike kasoro 12 hivi. Msiogope wimbo ukionekana mdogo, utapandishwa mwishoni.

Wanaodhani haya ni maneno ya kufariji maskini wasikie habari mbili kutoka Marekani. Mwimbaji Bruce Springsteen alirekodi albamu yake ya mwaka 1982, Nebraska, nyumbani kwake New Jersey, kwa mashine ya kaseti ya njia nne na maiki mbili za kawaida. Alikuwa akiandaa mfano tu wa kuonyesha wanamuziki wake, walipojaribu tena studio ikashindikana kupata roho ile, ndipo kaseti yenyewe ikatolewa. Na Billie Eilish na kaka yake Finneas walirekodi albamu ya mwaka 2019 katika chumba cha kulala cha nyumba ya wazazi wao Los Angeles, wakitumia programu ya Logic ya Apple ambayo yeyote anaweza kuinunua. Mwaka 2020 albamu hiyo ilipata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka. Wao walikuwa na vifaa vizuri na chumba kimya, hilo tusifiche. Lakini kompyuta ilikuwa daftari hata kwao.

Mkishamaliza

Hifadhini kila wimbo kama WAV. MP3 ni nakala ya kusambaza, maana hutupa sehemu ya sauti ili faili iwe ndogo, na MP3 ikitengenezwa kutoka MP3 nyingine hutupa tena. Mkituma kwa WhatsApp tumeni kama hati, si kama ujumbe wa sauti. Wekeni nakala mbili kwenye diski mbili, nyumba mbili tofauti. Na mwanzoni mwa kila rekodi mtu aseme kwa sauti: jina la wimbo, nani anaongoza, alifundishwa na nani, kijiji gani, tarehe ngapi. Sekunde ishirini hizo ndizo watoto watakazozitafuta siku moja, na pia zitasaidia kukitokea ubishi juu ya wimbo ni wa nani.

Vikundi vitatu au vinne vya jirani vinaweza kuchanga na kumiliki pamoja kisanduku kimoja na maiki mbili, kila kimoja kikitumia wiki yake, na daftari la kutia sahihi likae kwa katibu mmoja. Kamera na mashine za kupukuchulia mahindi zimekwisha kumilikiwa hivyo na hazikuleta vita. Anayetaka kujaribu kwanza alete laptopu yake na flashi ofisini kwetu siku ya Alhamisi baada ya Misa. Kuna kisanduku kimoja cha kuazima kwa siku tatu. Wenye wazee wa kuimba watangulizwe kwenye orodha.